Jina Lako Nani?

Soma Mwanzo 27:18–27 na Mwanzo 32:24–30. Yakobo aliulizwa yeye ni nani mara ya kwanza, akajibu nini? Alipoulizwa jina lake miaka mingi baadaye, jibu lilibadilikaje?

Yakobo aliingia kwa baba yake amevaa mavazi ya kaka yake, na ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni. Kila kitu kilikuwa kimepangwa vizuri isipokuwa sauti. Isaka, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, alisikia kwamba sauti na mikono havipatani. Hata hivyo akabariki. Yakobo alipata alichokitaka, akapoteza nyumba. Biblia haisemi popote kwamba alimwona tena Rebeka, mama yake.

Chukua mfano wa kijana wa Likawage, kata iliyo bara ya Kilwa, mbali na bahari. Mchana anapalilia ufuta pamoja na wazazi wake. Jioni anafungua akaunti yake, na humo yeye ni mtu wa Dar es Salaam. Ana picha amesimama kando ya gari aliloliona limeegeshwa Nangurukuru. Laini yake imesajiliwa kwa alama za vidole, utaratibu ulioanza nchini Mei 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020. Kwa hiyo serikali inakijua hata kidole chake, lakini marafiki zake mia nane hawajui kwamba ana jembe.

Je, hiyo ni dhambi, au ni urembo tu? Wengine watasema kila mtu huchagua picha nzuri, na hakuna anayekuja kanisani siku ya Sabato na nguo za shamba. Ni kweli. Lakini unapovaa vizuri siku ya Sabato, washiriki wote wanajua ni wewe. Hakuna aliyedanganywa. Kijana wetu amefanya jambo lingine, na yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kuumia. Siku baba yake akiugua, hawezi kuwaomba rafiki zake hao wamwombee, kwa sababu baba huyo yuko Likawage, na wao wanamjua mtu wa Dar es Salaam. Upendo wote uliotumwa umemwendea mtu asiyekuwapo.

Wazazi na wazee wa kanisa wakisikia haya husema haraka: basi, simu iwekwe kando. Hapo twende polepole. Paulo aliwaandikia Wakolosai akiwa mbali nao kwa mwili, lakini pamoja nao kwa roho (Wakolosai 2:5). Msabato kijana anayeishi mahali ambapo majirani wengi ni Waislamu, na wenzake wa rika lake katika imani ni wa kuhesabika, huenda akapata mjadala wa lesoni kwa simu tu. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua kubwa na barabara kuu ya kusini ikakatika upande wa Kilwa, ni simu iliyowaambia watu kama ndugu zao wako salama. Umbali haujawahi kuwa adui wa urafiki.

Lakini soma 3 Yohana 13, 14. Yohana alikuwa na mengi ya kumwandikia Gayo, akaiweka kalamu chini kwa sababu alitarajia kumwona. Tena alitaka rafiki wasalimiwe mmoja mmoja kwa jina. Barua yake ilikuwa njia ya kuelekea mlangoni kwa mtu.

Zamani katika nchi zetu watu wawili wasio wa ukoo mmoja waliweza kuchanjiana damu wakawa ndugu. Sisi hatuingii katika kiapo hicho, maana damu ya Kristo imetosha. Hata hivyo wazee wale walijua kwamba urafiki una deni: rafiki akifiwa unakwenda, akiwa na njaa unapakua. Yonathani naye alilijua hilo. Alikuwa mwana wa mfalme, naye akavua joho lake akampa Daudi, pamoja na upanga, upinde na mshipi (1 Samweli 18:3, 4). Yakobo alivaa vya ndugu yake ili apate. Yonathani alivua vyake ili mwenzake apate, na joho lile lilikuwa la mrithi wa kiti cha enzi.

Turudi kwa Yakobo. Pale Yaboki, usiku, alipoulizwa jina, hakusema tena yeye ni Esau. Alisema Yakobo, jina ambalo Esau mwenyewe alikuwa amelitafsiri kwa uchungu kuwa ni la mlaghai (Mwanzo 27:36). Lilikuwa jina la aibu, lakini lilikuwa lake. Baada ya kulitaja ndipo akapewa jina jipya, na kulipopambazuka akaenda, akichechemea, kumlaki ndugu yake aliyekuwa amemdanganya.

Maswali ya Kujadili: Mtu akiamua kuirudisha akaunti yake kwenye ukweli, atapoteza nini, na darasa lenu limsaidieje kubeba hasara hiyo? Katika kundi lenu la simu, ni nani angejua kama nyumbani kwako leo jioni hakuna chakula? Na wewe ungejua la nani?