Kudumu kwa Nafsi na Ilimu ya Mifumo Endeshi

Miongoni mwa masomo wanayosomeshwa vijana wa vyuo vikuu katika fani ya kompyuta, hapana, kwa rai yangu, lililokaribiana na masuala ya wanazuoni wa kalamu kuliko somo la mifumo endeshi, ijapokuwa walimu wake hawalisomeshi kwa nia hiyo, na wanafunzi wengi hulihofu kwa ugumu wake tu. Mfumo endeshi ndio programu kuu inayozitawala programu nyingine zote, ikizigawia kumbukumbu, wakati na vyombo. Na njia iliyosifika ya kuujua ni kuisoma matini yake mstari baada ya mstari, kama matini ya fiqhi isomwavyo pamoja na sharhi yake. Ndivyo alivyofanya John Lions wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, katika miaka ya 1970, alipowachapia wanafunzi wake kiini (sehemu ya msingi ya mfumo endeshi) cha toleo la sita la Unix, ambacho hakikufika mistari elfu kumi, akakiandikia sharhi; na AT&T, wenye mali hiyo, walipokataza toleo la saba lisisomeshwe darasani, sharhi ile ikaendelea kupita mikononi mwa watu kwa nakala za nakala, hata ikapata kuchapishwa rasmi mwaka 1996. Walimu wa MIT, huko Marekani, ambao nao walikisomesha kitabu hicho, walitunga mwaka 2006 mfumo mdogo uitwao xv6 kwa mfano wa Unix ile, na huo ndio nitakaouzungumzia.

Prosesa moja haitendi ila jambo moja kwa wakati mmoja, ilhali michakato, yaani programu zilizomo katika kutenda kazi, ni mingi. Kwa hiyo saa ya mashine huikatiza kazi mara kadhaa katika kila sekunde, na kila ikatizapo, kiini huusimamisha mchakato uliokuwa na zamu, kikaziweka amana rejista zake, yaani akiba ndogo za ndani ya prosesa, pamoja na mahali ulipofikia, kikampa mwenziwe nafasi. Na zamu yake irudipo, rejista zile hurejeshwa kama zilivyokuwa, na mchakato huendelea na amri iliyofuata, pasi na kubaki ndani yake athari yoyote ya kule kutoweka kwake. Ukae nje zamu moja au zamu elfu, kwake ni mamoja. As'habu l-Kahfi walipoamka pangoni walidhani wamekaa siku moja au baadhi ya siku, na kweli haikuwafikia kwa kujichungua nafsi zao, bali, kama wasimuliavyo wafasiri, kwa fedha yao ya kale iliyowashangaza watu wa mjini. Na mchakato nao hauna njia ya kuujua muda uliopita ila kwa kutoka nje ya nafsi yake na kukiuliza kiini, ambacho katika xv6 hujibu kwa hesabu ya mapigo ya saa tangu mashine ilipowashwa.

Lililo gumu zaidi ni namna michakato inavyozaliwa. Isipokuwa ule wa kwanza kabisa, kila mchakato hutokana na mwingine uliotangulia, ambao hutoa wito uitwao fork, na kiini huinakili kumbukumbu yake yote, hata wito ule, uliotolewa mara moja na mmoja, ukarudi mara mbili kwa wawili: mzazi hujibiwa kwa namba ya mtoto, na mtoto hujibiwa sifuri. Ukiliondoa jawabu hilo, yote yaliyomo katika kumbukumbu ya mmoja yamo katika ya mwenziwe. Na mtoto, lau angekuwa na ulimi (nasema kwa majazi, maana hamna fikira humo), angeapa kwamba yeye ndiye aliyeita, na angesimulia mambo aliyoyatenda kabla ya kuwapo kwake, naye asiwe mwongo, kwa kuwa hasemi ila alionalo. Ibn Sina alitutaka tumkadirie mtu aliyeumbwa kwa mara moja, aelee hewani, macho yamefunikwa na viungo vyake havigusani, akasema kwamba mtu huyo, ijapokuwa hajui kuwa ana mwili, hatakosa kuithibitisha nafsi yake. Nafsi ya sasa nakubali ataithibitisha. Ya jana, hapana. Mwenye kusema "najihisi nadumu, basi nadumu" amemleta mbele ya kadhi shahidi ambaye yuko tayari kuwashuhudilia watu wawili tendo la mtu mmoja.

Hapo msomaji wa tauhidi huingiwa na tamaa. Waashari walinena kwamba aradhi, yaani sifa iliyomo katika kitu, haidumu nyakati mbili, bali Mwenyezi Mungu huiumba upya kila wakati. Basi mtu huona mashine imekuja kuwashuhudilia, na kiini cha mfumo kikawa mfano wa Mudabiri. Mimi siridhiki na mfano huo. Kiini hakina iradha. Katika xv6 hulipitia jedwali la michakato kwa mfuatano na kuuchukua wowote kiukutao tayari, nacho chenyewe hukatizwa na saa ile ile. Na kubwa kuliko hayo, Waashari hawakusema kwamba iko hazina inayozihifadhi aradhi baina ya wakati na wakati. Walisema hapana ila kudura. Katika mashine hazina iko: rejista 14, kwa hesabu ya xv6 ya prosesa za RISC-V, ndizo zinazobadilishwa pale kiini kinapohama kutoka mchakato hadi mchakato, na mwanafunzi akiisahau moja, mfumo huanguka. Katika Unix ya kale, Dennis Ritchie, mmoja wa watunzi wake, aliandika mahali kama hapo tanbihi ya kumwambia msomaji kwamba hatarajiwi kuelewa, ambayo mtu angeweza kuidhania ni bila kaifa (kukubali pasi na kuuliza namna) ya wahandisi, ingawa mwenyewe alieleza baadaye kwamba alikusudia tu kuwa hilo halitaulizwa katika mtihani, na kwamba kwa hakika wao wenyewe hawakuwa wakilielewa. Anayelitafuta kosa la rejista usiku kucha ni mfuasi wa Ibn Rushd, apende asipende. Kwani Imamu Ghazali aliposema kwamba baina ya moto na kuungua kwa pamba hapana mafungamano ya lazima, Ibn Rushd alimjibu kwamba mwenye kuzikana sababu ameikana akili.

Hata hivyo sithubutu kusema kwamba Mwashari ameshindwa, kwani atauliza: hiyo kumbukumbu iliyowekewa amana, yenyewe hudumishwa na nini? Na jawabu la wahandisi ni la kustaajabisha, nalo ni kwamba haidumu. Chembe za DRAM, ambazo ndizo kumbukumbu ya kompyuta nyingi za leo, huishika kila biti kwa chaji ndogo ya umeme inayovuja tangu ilipowekwa, hata ikabidi kila chembe isomwe na kuandikwa upya, kwa kawaida katika kila milisekunde 64, la sivyo yaliyomo hupotea. Mfuasi wa Ibn Rushd atasema: naam, na sababu ya kuvuja yajulikana na kupimwa. Mwashari atasema: umenieleza ada tu, na ulazima hujanionyesha. Baina ya wawili hao somo la mifumo endeshi halihukumu, kwa kuwa kazi yake huanzia juu ya chembe zile, pale ambapo biti imekwisha kukubaliwa kuwa ipo.