Walinzi wa Jani na Walinzi wa Moyo



Kijana mmoja mchimba dhahabu wa Geita, aliyeingia katika dini si zamani, aliniuliza: "Sheikh, wazazi wangu huko Shinyanga hawajaamini, na wenzangu machimboni ni walevi. Je, si afadhali nijitenge nao wote ili imani yangu isalimike?"

Nilichuma jani la mwembe nikampa. Kurani Tukufu yatuita mara nyingi tuitazame mimea ili tupate mazingatio. Ngozi ya jani imepakwa nta izuiayo maji yasitoke ovyo. Lakini upande wa chini mna vitundu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho matupu. Kwa vitundu hivyo jani huvuta hewa ya ukaa, ambayo pamoja na maji na nuru ya jua hufanywa chakula. Lakini mlango uletao riziki ndio huo huo upotezao maji: katika kila sehemu 100 za maji yanayonywewa na mizizi, zaidi ya 90 hutoka kama mvuke.

Basi, mti ukivifunga vitundu daima, utakufa kwa njaa. Ukiviacha wazi daima, utakauka. Kwa hiyo Mwenyezi Mungu ameweka walinzi wawili katika kila kitundu: wakijaa maji hukifungua, wakilegea kwa kiu hukifunga.

Tena kila mmea umepewa kwa kadiri ya nchi yake. Shinyanga kuna kiangazi kirefu. Huko mgunga una vijani vidogo vidogo ambavyo upepo huvipoza upesi. Mahindi yenye kiu hukunja majani yake adhuhuri. Nao mkonge hufungua vitundu vyake hasa usiku, hewa ikiwa imepoa.

Ndugu yangu, moyo wa muumini ni hivyo hivyo. Macho, masikio na ulimi ni vitundu vyake. Walinzi wake ni sala na kumcha Mungu. Usiketi penye ulevi, kwani hapo ni jua la adhuhuri. Lakini wazazi usiwafungie mlango. Kuwatendea wema ni wajibu wako hata kama hawajaamini, na wema huo ni chakula cha imani yako. Nao mkonge ukufundishe kuufungua moyo usiku, watu wakiwa wamelala, katika sala ya tahajudi.

Mwenyezi Mungu atujalie kujua wakati wa kufunga na wakati wa kufungua. Amin.