Vijana, Msikate Springi

Wanangu mnaopenda magari ya chini, sikuja kuwazuia. Mark X iliyoshushwa kwa akili inapendeza: tairi zimejaa kwenye madigadi, na kwenye kona gari halilali ovyo. Ninachowakataza ni kupeleka gari kwa fundi mwenye grainda akate springi kwa bei ya kutupa, kisha mama yako akae siti ya nyuma kutoka Dar hadi Morogoro, kila tuta likimpiga mgongoni.

Shokapu inahitaji nafasi ya kutembea. Tuseme ya gari lako ina sentimita 8 kabla ya kugota. Ukilishusha gari sentimita 5, umebaki na 3, na matuta ya barabarani hayakupungua kimo. Kukata mzunguko mmoja kwenye springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi kunaiongezea ugumu asilimia 20 tu, na hiyo haifidii nafasi uliyoitoa. Gari litagota kwenye raba ya kuzuia kishindo. Raba ikiisha, kishindo kitaingia kwenye shokapu, kwenye bodi na kwenye viuno vya abiria. Tena ile ncha iliyokatwa haikai sawasawa mahali pake. Tairi likining'inia, springi inaweza kulegea na kuhama.

Kuchoma springi kwa gesi ni kubaya zaidi. Moto unaua nguvu ambayo chuma kilitiwa kiwandani, na siku si nyingi gari linainamia upande mmoja.

Anayetaka kushusha na bado asafiri kwa raha, ashushe kidogo: sentimita 2 na nusu au 3 zinatosha. Anunue springi fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya gari lake, pamoja na shokapu zinazolingana nazo. Shokapu ya kiwandani ilipangiwa springi laini. Ukiifungia springi ngumu inashindwa kuituliza, na gari linadunda mara tatu kwa shimo moja. Ukiweza kununua koilova, yaani springi na shokapu zilizounganishwa na zinazorekebishika, usizikaze hadi mwisho ukidhani ugumu ndio ubora. Anza zikiwa zimelegea, kaza kidogo kidogo mpaka gari liache kuyumba, kisha ziache hapo.

Tairi nalo msilisahau. Ukuta wake na upepo uliomo ndio mto wa kwanza wa gari. Ukiweka rimu kubwa zenye tairi la ukuta mfupi, umeitupa starehe hata kabla springi haijaguswa.

Kazi ikiisha, usiondoke gereji bila kupima alaimenti. Gari likishuka, tairi hulalia ndani na kulika upande usiouona ukiwa umesimama; lichungulie kwa ndani kila mara. Taa za mbele nazo zipangwe upya. Kisha pakia watu wanne, pita taratibu kwenye tuta unalolijua. Gari likigota, lipandishe, hata kama marafiki watasema halijashuka.

Kama hela ya seti kamili haijapatikana, subirini. Endesheni gari kwa kimo chake cha kiwandani, mkiweka akiba. Fundi akikuambia kukata ni sawa tu na kufunga springi fupi, mwambie akufungie springi zako kama zilivyokuwa, uchukue ufunguo wako uondoke.