Vichupa Viwili, Trei Moja

Upasuaji wa uti wa mgongo humwaga damu nyingi. Mfupa wenyewe huvuja unapochongwa, na mishipa midogo iliyouzunguka uti haina vali. Mgonjwa akilazwa kifudifudi tumbo likabanwa, damu hurudi nyuma na kufurika kwenye jeraha. Kijana mwenye afya huweza kulihimili hilo. Kwa mzee mwenye kisukari, moyo uliochoka na figo zinazosuasua, lita moja ya damu ni habari nyingine kabisa.

Ndiyo maana madaktari waliipokea vizuri asidi ya traneksamiki, dawa iliyogunduliwa Japani mwaka 1962 na Utako Okamoto na mumewe Shosuke. Huzuia donge la damu lisiyeyuke kabla ya wakati wake. Bei yake ni nafuu. Hutiwa kwenye mshipa kabla ya kisu kugusa ngozi, na mwenye figo dhaifu hupunguziwa dozi kwa kuwa dawa hutoka na mkojo. Mwaka 2017 utafiti wa wanawake 20,060 katika nchi 21, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda, ulionyesha kwamba inapunguza vifo vya kutokwa damu baada ya kujifungua, na Shirika la Afya Duniani likapendekeza itumike. Kwa hiyo ikaingia katika vyumba vya upasuaji wa uzazi ambamo ganzi ya mgongoni huchomwa kila siku.

Hapo ndipo balaa lilipojificha. Visa vilivyoripotiwa vinafanana mno, kiasi kwamba ukisimulia kimoja umesimulia karibu vyote. Mgonjwa ameketi, mgongo ameukunja, ngozi imeshapakwa dawa. Kwenye trei kuna kichupa cha kioo chenye maji yasiyo na rangi. Mtaalamu anakivunja shingo, anavuta dawa, anachoma. Anaamini ni bupivakaini, dawa ya ganzi. Kumbe ni traneksamiki: umbo karibu lile lile, ukubwa karibu ule ule, maandishi madogo yale yale.

Dalili hazikukosekana. Ganzi ya kweli huleta joto na uzito miguuni ndani ya dakika chache. Hapa miguu inabaki na hisia zake, na badala ya ganzi mgonjwa analalamika maumivu makali ya mgongo, makalio na miguu. Wapo waliosema tu kwamba ganzi imegoma, wakamlaza mgonjwa kwa nusukaputi na kazi ikaendelea. Kisha miguu inaanza kurukaruka, mwili mzima unakakamaa kama wa mwenye kifafa, moyo unapoteza mapigo yake. Dawa ile ile inayookoa ikiwa ndani ya mshipa, ikifika kwenye maji ya uti wa mgongo huzima breki za neva. Mara nyingi ukweli hujulikana mtu anapokumbuka kupekua vichupa vitupu. Na dawa ya kuitengua haipo.

Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalikusanya visa 21 vya namna hii. Wagonjwa 10 walifariki. Machi 2022 Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari kwa nchi zote.

Tusikimbilie kumlaani aliyeshika sindano. Usiku wa manane, upasuaji wa dharura, taa moja imeungua, kuna muuguzi mmoja kwa kazi za watu watatu: nani kati yetu angeapa kwamba asingekosea? Mimi siapi. Ninachokilaumu zaidi ni dalili ya kwanza kabisa, ile inayotangulia mgonjwa kufika: vichupa viwili vinavyofanana kuwekwa droo moja, kila mtu akaona, kila mtu akazoea. Kuwaambia watu wawe makini hakutoshi. Umakini huchoka, droo haichoki.

Madaktari wa mgongo nao wasidhani hili ni la wodi ya wazazi peke yake. Baadhi yao huimwagia dawa hii moja kwa moja kwenye jeraha ili kukausha damu. Utando unaofunika uti ukiwa umechanika, hata kidogo, dawa ina njia ya kupenya mahali isipotakiwa. Na mgonjwa mwenye maradhi mengi, ambaye moyo au mapafu yake hayaiwezi nusukaputi, ndiye huyo huyo hupelekwa kwenye ganzi ya mgongoni.

Ndugu msomaji, ukichomwa ganzi ya mgongoni kisha ukahisi maumivu makali kwenye makalio au miguu kuanza kurukaruka, usivumilie kwa heshima. Sema papo hapo, na urudie mpaka usikike. Nanyi mnaofanya kazi chumba cha upasuaji, dawa ya ganzi isomeni jina kwa sauti mbele ya mwenzenu kabla ya kuivuta, na ganzi ikigoma kikagueni kichupa kwanza. Boksi la traneksamiki liondoeni kwenye toroli ya ganzi, likae rafu yake, lebo ikitazama mbele, limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni ya mshipa tu. Kazi hiyo haihitaji bajeti wala kibali cha wizara. Ifanyeni kabla ya zamu ya leo kwisha.