Deni la Mtambuzi wa Maradhi

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii imepokewa kwa vizazi vingi kama hukumu ya haki: afichaye huaibika, naye adhihirishaye huokoka. Walakini hukumu yoyote yafaa kupimwa kwa mambo yaliyotokea kweli, na kusini ya Tanzania yametokea mambo ambayo huitia methali hii mizanini. Yahusu mbuzi, soko, na elimu ya kutambua maradhi mageni ya wanyama. Swali lililomo ni hili: mtu aliyefisha mifugo yake, kisha akamwonyesha mtaalamu mzoga ili elimu ipatikane, je, ana haki ya kudai kitu? Na mtaalamu, pamoja na wote wanaofaidi elimu yake, wanadaiwa nini?

Kusini ya mto Lukuledi, unaotiririka kwenda Lindi, huinuka uwanda wa Wamakonde. Masasi iko upande wa magharibi, na Newala imekaa ukingoni ikitazama bonde la Ruvuma. Udongo wa uwanda ule hunywa mvua upesi, hata maji yakawa tangu zamani ni kitu cha kufuatwa mbali chini ya mteremko. Aidha, mbung'o wa pande nyingi za kusini waliwazuia ng'ombe kuenea kwa muda mrefu. Kwa hiyo, katika nyumba ya mkulima wa korosho na mihogo, mbuzi si nyama tu. Mbuzi ni akiba. Huuzwa mtoto anapougua, huuzwa ada ya shule inapodaiwa, huchinjwa mgeni wa heshima anapofika. Afiwaye na mbuzi watano amepoteza tegemeo la siku ya dhiki.

Mwaka 2009 sotoka ya mbuzi na kondoo iliingia Newala na Tandahimba kwa mara ya kwanza. Mnyama hushikwa na homa, hutokwa na makamasi na tongotongo, mdomo huota vidonda, tumbo huhara, pumzi huwa nzito, na aghalabu hufa katika siku chache. Wachunguzi waliwahoji wafugaji 83 wa wilaya hizo mbili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Ilionekana kwamba maradhi yaliletwa na mbuzi walionunuliwa katika soko la mifugo la Pugu, nje ya jiji la Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 700 hivi. Ilionekana vilevile kwamba yalienezwa na malisho ya pamoja, na kwa bei nafuu ya wanyama wagonjwa, walionunuliwa na watu wa vijiji vingine ili wachinjwe.

Katika bei nafuu ile ndimo methali inamojaribiwa. Mfugaji aliyeona mbuzi wake akikohoa alikuwa na njia mbili. Akimficha na kumwuza, alipata fedha kidogo, na mauti yakahamia kijiji cha mwenziwe. Akimdhihirisha, hakupata dawa, kwa maana virusi vya sotoka havina dawa ya kuviua. Alipata amri ya kutouza, na hasara yote ikabaki mlangoni pake. Hapa mficha maradhi hakuumbuliwa na kifo. Aliyeumbuliwa ni jirani. Methali ilitungwa kwa mgonjwa afichaye maradhi ya mwili wake mwenyewe; haikutazamia maradhi yawezayo kuuzwa.

Hata hivyo kazi yote ya mtambuzi wa maradhi husimama juu ya mtu yule wa pili, asemaye kweli kwa hasara yake. Mtaalamu hufika akiwa na chupa za damu, vijiti vya pamba vya kupangusia pua na macho, na kisu cha kupasulia mzoga. Ni lazima atenganishe sotoka na homa ya mapafu ya mbuzi, ambayo hutoka kwa vijidudu vya namna nyingine vinavyoweza kupigwa kwa dawa. Kosa la jina ni kosa la matendo: fedha ya mkulima huishia katika sindano isiyofaa, huku kundi zima likiambukizwa. Kutambua si jambo jepesi hata kwa wenye elimu kuu. Sotoka ya mbuzi ilielezwa Afrika ya Magharibi mwaka 1942, lakini iliwachukua wataalamu hadi mwaka 1979 kuthibitisha kwamba virusi vyake ni vya aina ya peke yake, jamaa wa virusi vya sotoka ya ng'ombe, wala si hivyo hivyo.

Yamkini mtu atajibu kwamba mtambuzi hadaiwi kitu. Yeye si mfanyabiashara, hakuleta maradhi, elimu aipatayo ni mali ya watu wote, na mfugaji naye ni mmoja wa watu. Jibu hili lina nguvu, na maisha ya Walter Plowright hulitetea. Bwana huyu, tabibu wa mifugo kutoka Uingereza, alifanya kazi Muguga nchini Kenya tangu mwaka 1956. Huko yeye na wenzake walikuza virusi vya sotoka ya ng'ombe katika chembe za figo za ndama, kizazi baada ya kizazi, hata vikapoteza ukali wake bila kupoteza uwezo wa kumkinga mnyama. Sotoka ile ndiyo iliyofagia ng'ombe wa Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890 na kuacha njaa nyuma yake. Chanjo ya Muguga ilikuwa silaha kubwa ya kuimaliza, na mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kwamba sotoka ya ng'ombe imetoweka. Hapo deni lililipwa, tena kwa ziada: elimu iliyotoka zizini ilirudi zizini.

Lakini si kila elimu iliyopata njia ya kurudi, na ushahidi wake uko Newala penyewe. Katika miaka ya 1952 na 1953 watu wa uwanda walipatwa na homa iliyowakunja viungo. Marion Robinson aliandika dalili zake, W. H. R. Lumsden alieleza jinsi ilivyoenea, na R. W. Ross alivipata virusi katika damu ya mgonjwa mwaka 1953. Jina walilolipokea ni la wenyeji: chikungunya, kutokana na neno la Kimakonde la kujikunja. Kwa hiyo wa kwanza kutambua walikuwa wagonjwa wenyewe. Jina lao likazunguka dunia, na damu yao ikawa mwanzo wa elimu. Chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 2023, yaani miaka 70 baadaye. Hapana mtu aliyeiba kitu. Walakini kilichochukuliwa kilichukuliwa kwa siku moja, na malipo yalichelewa kwa umri wa mtu.

Basi deni lipo, na yafaa lijulikane ni la nani. Fungu la mtaalamu mwenyewe ni jibu. Aliyetoa mzoga ana haki ya kuambiwa, kwa lugha aielewayo na kabla ya habari kuchapishwa ughaibuni, nini kilichoua mbuzi wake na nini kitawakinga waliosalia. Fungu la pili ni la jamii. Amri ya kutouza humlinda kila mfugaji hadi Masasi na mbali zaidi, lakini gharama yake hubebwa na nyumba moja; si haki wengi wakingwe kwa umaskini wa mmoja. Ni kweli kwamba fidia ya fedha kwa kila mzoga yaweza kuwashawishi wajanja kuyatafuta maradhi badala ya kuyakimbia. Lakini hatari hiyo hudai hadhari katika namna ya kulipa. Haifuti wajibu wa kulipa. Chanjo bila gharama kwa kundi lililosalia, au mbuzi wa mbegu baada ya maradhi kupita, ni malipo yasiyomtajirisha mwongo.

Kumwambia mfugaji awe mkweli ni rahisi kwa asiye na mbuzi. Jamii itakayo kweli kutoka kwa maskini haina budi kuifanya kweli iwe kitu ambacho maskini aweza kumudu. Isipofanya hivyo, mnyama mgonjwa atauzwa jioni, na mtaalamu atakayefika asubuhi atakuta zizi tupu, mwenye zizi kimya, na maradhi yamekwisha safiri.