Asali kwa Kiasi

JUMATANO

Soma Mithali 25:16. Asali ni kitu chema. Kwa nini basi mwenye hekima anaiwekea mpaka?

Fikiria dada wa kanisa lako aliyewekewa vali bandia ya moyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Amerudi Tanga na vidonge vya warfarini, atakavyomeza maisha yake yote ili damu isigande kwenye vali. Wapendwa wanakuja kumjulia hali. Mmoja anamletea unga wa majani ya mlonge kutoka Muheza. Mwingine anamletea vidonge vya kitunguu saumu. Wa tatu anamwambia aache dawa za hospitali, aamini tu. Wote wanampenda, lakini kila mmoja anaweza kumdhuru.

Ini hutumia vitamini K kutengeneza baadhi ya protini zinazogandisha damu. Warfarini huzuia kazi hiyo kwa kadiri. Majani ya kijani yana vitamini K. Akianza ghafla kutumia unga wake kila siku, dawa huweza kupungua nguvu, damu ikaganda na kuleta kiharusi. Vidonge vya kitunguu saumu, tangawizi au mafuta ya samaki kwa wingi huweza kuleta hatari nyingine: kutokwa na damu isiyokoma upesi. Mchicha wa mezani haukatazwi. Kinachotakiwa ni kiasi kisichobadilika-badilika, na daktari ajue.

Soma Isaya 38:1-5, 21. Hezekia aliahidiwa uponyaji, na bado tini iliwekwa juu ya jipu lake. Je, ahadi ya Mungu iliondoa haja ya dawa?

Sisi Waadventista tunathamini tiba za asili, na ni vema. Hata hivyo, kitu cha asili si lazima kiwe salama kwa kila mgonjwa. Daktari akituuliza tunatumia dawa gani, mara nyingi hatuutaji mlonge, kwa kuwa hatuuhesabu kuwa dawa. Ukimya huo huweza kugharimu uhai, nao uhai u katika damu (Law. 17:11).

Kabla ya kliniki yako ijayo, au kabla ya kufanyiwa upasuaji, andika kila unga, kidonge na chai unayotumia, umwonyeshe daktari. Usiache dawa wala kuongeza kitu pasipo kumwuliza.

Jadilini: Tunapomtembelea mgonjwa, tumwulize nini kabla ya kumshauri tiba yoyote?