Aliyeitika

Nyanya mmoja wa Kibwezi, akiambua mbaazi mlangoni, alimwita mjukuu wake wa miaka minne: "Mume wangu, niletee uteo." Mtoto aliitika, akauleta. Amepewa jina la babu yake, marehemu mumewe huyo nyanya: Musyoka, yaani aliyerudi. Tangu siku ile najiuliza: aliyeitika ni nani?

Nafsi, nionavyo, ni yule aliye ndani ya mtu ambaye maumivu yanamuuma yeye wala si mwingine. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwaka 1974 mwanafalsafa Thomas Nagel aliuliza kuwa popo kukoje, akaona kwamba hata tukiujua mwili wake wote, jambo hilo litatupita. Usiku maua ya mibuyu yanapofunguka huku Ukambani na popo kuyajia, namkubalia: wanaionja dunia ambayo sina njia ya kuiingia. Je, ya mtoto huyu ninayo?

Lakini John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alitufundisha kuanzia kwingine. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 alieleza kwamba mtu huwa mtu kwa ajili ya wenzake, na kwamba marehemu yungali karibu nasi maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina. Wapo wanaohofu kuwa fikra hiyo yaweza kummeza mtu ndani ya ukoo wake. Hofu hiyo naiheshimu, kwa maana ukoo unaweza kumtaka mtoto awe babu tu, asiwe kitu kingine. Hata hivyo, neno "mimi" mtoto hakulizua. Aliitwa kwanza, tena kwa miaka, ndipo akajifunza kujitaja. Kama nafsi ni chumba kisichoingiwa na mgeni, basi mwenyewe alionyeshwa mlango wake na waliokuwa nje, wakibisha.

Je, nyanya anaamini kwamba mumewe yumo ndani ya mtoto? Nilitaka kumuuliza, nikasita. Jioni ile mtoto alichomwa na mwiba wa mgunga, akaja akilia. Nyanya aliuweka mguu mdogo juu ya leso yake, akainama mpaka uso ukakaribia unyayo. Mume aliyeishi naye miaka mingi angemjua kwa kumtazama. Huyu alimuuliza, polepole, "Panauma wapi?" Kisha akangoja aonyeshwe.